Picha Ilisema Hivi, Kinyama Kikasema Vile

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ni mwalimu wa udereva. Wanafunzi wake wanamwita Mama Gia, na siku hizi hata sisi wa nyumbani tumeshazoea. Ndani ya gari ni mtu mwingine kabisa. Mwanafunzi anaweza kulizima gari katikati ya makutano, honi zikalia nyuma kama harusi, naye akabaki ameweka mikono mapajani akisema kwa sauti ya chini, "Klachi kwanza. Hao wenye honi nao walifundishwa na mtu." Lakini mtoe kwenye gari umwone. Nyumbani hakai. Anaongea na simu huku anafuta madirisha, na akija kwako, ukienda jikoni dakika mbili unarudi unakuta ameshahamisha viti. Mama mkwe husema mtoto huyu alitembea kabla hajajua kukaa.

Uvimbe aliugundua kazini. Mwalimu wa udereva hukaa upande wa abiria, na mkanda humpita begani ukashuka kifuani. Kwa siku kadhaa mkanda ulikuwa unamkera mahali pamoja, juu ya titi la kushoto, upande wa ndani karibu na mfupa wa kifua. Akadhani ni sidiria mpya. Alipobonyeza akakuta kitu kigumu, kidogo kama punje ya hindi, kisichosogea.

Alikuja kwangu asubuhi. Shule ya chekechea ninayofundisha ilikuwa imefungwa, nami nilikuwa uani nafua mapazia. Akaanza kuyakamua bila kuombwa, akayakamua mpaka nikaogopa yatachanika, halafu akasema bila kunitazama, "Wifi, shika hapa."

Nikashika.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi usiseme kitu. Vaa viatu twende."

Kilichomtia hofu ni habari ya ukoo wao. Mama mkwe alikuwa na mdogo wake, aliyeishi kijijini kwao, ambaye watoto walimjua kwa jina tu la Mama Mdogo. Huyo alipata uvimbe wa titi angali msichana. Habari zake zilizungumzwa kwa kunong'ona, na watoto wakiingia wakubwa walibadilisha mazungumzo. Ilijulikana tu kwamba alikuwa na ule ugonjwa, na kwamba ameshafariki. Mama Gia alikua na habari hiyo hiyo nusu nusu, na nusu iliyobaki alikuwa anaijaza mwenyewe tangu alipogusa ile punje.

Muuguzi wa kituo cha afya alimpapasa, akatutuma hospitali kubwa kupiga picha. Kwanza ilikuwa ile mashine inayobana titi katikati ya vibao viwili. Alitoka amekunja uso. "Nimekaguliwa kama gari la mtumba," akaniambia. "Kidogo wangenipiga teke kwenye tairi." Nikacheka, yeye hakucheka. Akaanza kupanga magazeti ya pale kwenye foleni, makubwa chini, madogo juu.

Kisha akaitwa kwa daktari wa picha, na akasisitiza niingie naye. Daktari alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Alimpaka ile dawa baridi ya utelezi, akapitisha kifaa cha altrasaundi taratibu, akarudi, akasimama mahali pamoja muda mrefu. Kwenye kioo tuliona kidoa cheusi.

"Unaona nini, Daktari?"

"Naona kitu kidogo chenye kingo zisizo laini. Kimetoa kama miiba, na nyuma yake kuna kivuli."

"Kwa lugha ya nyumbani?"

Daktari akashusha miwani. "Kwa lugha ya nyumbani, kinafanana na saratani. Sijasema ni saratani, nimesema kinafanana. Picha hunionyesha sura tu. Ili tujue ni nini, lazima tuchukue kinyama kidogo kikapimwe maabara."

"Kichukue basi. Si niko hapa?"

"Hatuchukui kwa pupa, mama. Utakuja kesho."

Kesho yake yule daktari hakuwapo zamu, na mashine ya altrasaundi ilikuwa na wagonjwa wa dharura. Kijana mmoja daktari, mpole sana, akaitafuta ile punje kwa vidole, akampiga ganzi, akatumia sindano nene yenye mtambo uliolia tap, kama stepla. Tap, tap, tap. Akabandika plasta akasema majibu yatakuja.

Mume wa Mama Gia, shemeji yangu, ni fundi wa mafriji, mtu wa maneno ya kuhesabika. Plasta kifuani haifichiki kwa mume, kwa hiyo ilibidi aambiwe. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama inauma, akaambiwa haiumi, akarudi kwenye friji aliyokuwa anatengeneza sebuleni. Baadaye tukagundua alikuwa ameifunga bila kurudisha mtambo wa baridi. Friji ikarudi kwa mwenyewe ikiwa kabati.

Kungoja majibu kulimfanya wifi yangu asikalike. Aliosha gari asubuhi na jioni. Alitoa vyombo vyote kabatini, akavipanga upya, hakuridhika, akavirudisha kama vilivyokuwa. Hata ndani ya gari, mahali pake pa utulivu, mambo yakaanza kumtoka. Binti mmoja aliyekaribia mtihani alinisimulia kwamba Mama Gia alikanyaga breki ya mwalimu barabarani, hakuna gari mbele wala mtu, halafu akasema, "Samahani, nilidhani nimeona kitu." Mambo yale hayakuwahi kutokea tangu aanze kazi.

Majibu yalipotoka, yalisema hakuna saratani. Kilichoonekana ni mafuta na nyuzi za kawaida za titi, basi.

Nyumba ile ililipuka kwa furaha. Mumewe aliingia bafuni, akafungua bomba lote ili tusimsikie, na tulimsikia. Mama mkwe alipita nyumba kwa nyumba akishukuru watu ambao hata hawakujua kwamba kulikuwa na jambo. Mume wangu alimnyanyua dada yake juu kama mtoto, akaambiwa amshushe kabla hajavunja mgongo. Kwa mara ya kwanza siku nyingi, nilimwona Mama Gia amekaa kwenye kochi, miguu ameikunja, anatazama televisheni kama watu wengine.

Siku chache baadaye simu ikaita akiwa kazini. Alikuwa yule daktari wa picha. Akamwambia aegeshe gari pembeni ndipo waongee.

Alikuja moja kwa moja kwangu, gari la kujifunzia likiwa limeegeshwa vibaya, tairi moja juu ya ukingo. Nikajua kuna neno.

"Anasema nirudi. Anataka kuchoma tena."

"Si wamesema hakuna?"

"Wamesema hakuna. Sasa yeye anasema hapana, picha na kinyama havikubaliani." Alikuwa anazunguka meza yangu. "Wifi, mimi nimeambiwa sina. Mtu ukishaambiwa huna, unarudi kutafuta nini? Mama ameshashukuru mtaa mzima. Mume wangu ameanza tena kupiga mluzi. Niwarudishe kule?"

"Huendi kuwarudisha wao. Unakwenda wewe."

"Sitaki kwenda na mimi."

Na kweli hakwenda. Siku ya miadi alijipangia wanafunzi tangu asubuhi hadi jioni, hata wale waliokwisha kupata leseni aliwaita waje wajinoe kuegesha. Daktari akapiga tena. Safari hii simu nilipokea mimi, maana Mama Gia aliiona namba akanirushia simu kama kaa la moto.

"Wewe ni nani wake?" daktari akauliza.

"Ni wifi yake."

"Basi nisaidie, wifi. Simwiti ili nimtishe. Mimi niliona kitu kigumu chenye miiba. Maabara wameletewa mafuta laini. Mafuta hayawezi kutoa picha ile. Kwa hiyo ama sindano ilipita kando, ama mimi nimeona vibaya. Vyovyote vile siwezi kuchagua jibu kwa sababu linatufurahisha."

Nilimrudishia maneno hayo kama yalivyo. Alisimama dirishani akikwangua rangi ya fremu kwa ukucha, mpaka nikamwambia nyumba ni ya kupanga.

"Huyu mama ana kichwa kigumu," akasema.

"Mmekutana."

Akapiga moyo konde, tukaenda. Alinifunga mdomo kwamba nyumbani asijue mtu, nami nikakubali, ingawa sikupenda.

Mara ya pili mambo yalifanywa kwa njia nyingine. Daktari wa picha mwenyewe alishika kifaa kwa mkono mmoja na sindano kwa mkono mwingine, akageuza kioo ili Mama Gia aone. Sindano ilionekana kama mstari mweupe ukiingia polepole kuelekea kile kidoa.

"Sasa nimekigusa," daktari akasema. "Unaona kinavyokataa? Ni kigumu kama raba ya tairi. Tulia hivyo hivyo."

"Nimetulia."

"Miguu haijatulia."

Nikamshika vifundo vya miguu. Daktari alichukua vipande kadhaa, akavitazama ndani ya kichupa dhidi ya mwanga, akasema safari hii vimezama chini ya maji ya dawa, havielei kama mafuta. Hilo lilimridhisha. Sisi halikuturidhisha, maana kama mara ya kwanza sindano ilikosa, basi habari njema zote tulizokuwa nazo zilikuwa za mahali pengine.

Majibu hayakuja upesi. Tulipouliza, maabara walisema wameona kitu ambacho si cha kawaida, wanaongeza vipimo. Neno hilo, si cha kawaida, lilimwingia wifi yangu kichwani likakataa kutoka. Tulikuwa tunachambua mboga kwangu, ananiuliza, "Si cha kawaida ni nini? Kibaya kuliko kibaya?" Nasema sijui. Baada ya muda anauliza tena kana kwamba ningekuwa nimesoma udaktari katikati. Alishusha mapazia yake, akayafua, akaja akashusha na yangu.

Siri ikatoboka kwa njia ya kijinga kabisa. Mama Gia aliacha simu mezani, nami nilikuwa pale pale kwao. Simu ikaita, mumewe akapokea. Karani wa hospitali akasema, "Mwambie mama kwamba kinyama cha pili bado kinafanyiwa vipimo vya ziada, aje wiki ijayo." Shemeji akasema ahsante, akaiweka simu chini taratibu, akapangusa mikono kwa kitambaa cha kazi. Mkewe alipotoka bafuni alimkuta amesimama.

"Kuna kinyama cha pili?"

Wifi yangu akanitazama mimi, kisha sakafu. "Kipo."

"Tangu lini?"

Akamweleza.

Shemeji hakupaza sauti. "Kwa hiyo siku zote hizi nimekuwa nafurahi peke yangu," akasema.

Hilo lilimchoma mkewe kuliko kelele yoyote. Alikaa kwenye mkono wa kochi, akainuka, akakaa tena. "Sikutaka kukunyang'anya," akasema. "Ulikuwa unapiga mluzi."

"Mluzi naweza kuacha. Wiki ijayo nakwenda na wewe."

"Utanizidishia wasiwasi."

"Wasiwasi unao wa kutosha. Mimi nitabeba mkoba."

Tukaenda watatu. Daktari wa picha alitungojea ofisini, na pembeni yake alikuwa mzee mrefu mwenye koti jeupe lililochakaa mifukoni. Akajitambulisha kuwa ndiye daktari wa maabara, anayesoma vinyama kwa darubini. Wifi yangu alipoona madaktari wawili alibadilika rangi. Aliniambia baadaye alifikiri, kama ni jambo dogo angetosha mmoja.

Mzee akaenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe. "Mama, si saratani."

Shemeji alikuwa amekumbatia mkoba.

"Nimeshaambiwa hivyo mara moja," wifi yangu akasema.

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Mara ya kwanza nilisoma kilicholetwa, na kilicholetwa kilikuwa mafuta. Safari hii nimeletewa kitu chenyewe. Ni uvimbe usio na ubaya, lakini ni adimu kwenye titi. Mimi katika kazi yangu nimeuona mara chache sana. Unaanzia kwenye seli zinazofunika mishipa ya fahamu, na chini ya darubini kila seli imejaa chembechembe kama mchanga. Ni mgumu, unashika nyama ya jirani, ndiyo maana kwenye picha unatoa miiba. Unawadanganya hata wenye macho."

"Mnajuaje haudanganyi na sasa?"

Daktari wa picha akatabasamu kidogo. Mzee akainuka, akasema, "Njoo uone."

Maabara ilikuwa mwisho wa korido, chumba chembamba chenye harufu kali ya dawa. Akawasha taa ya darubini, akamwekea kiti. Mama Gia alikataa kiti, akainama. Mzee akamweleza kwamba wameweka rangi mbili tofauti. Ya kwanza hushika seli za saratani ya titi, na hapa haikushika kitu. Ya pili hushika seli za ukoo wa mishipa ya fahamu, na hapa imeshika kila mahali, kahawia tupu. "Na slaidi nimempelekea mwenzangu wa hospitali nyingine bila kumwambia ninavyofikiri," akaongeza. "Amesema jina lile lile."

Wifi yangu alitazama muda mrefu. Akamwachia mumewe, mumewe akaniachia mimi. Niliona mchanga wa kahawia, sikuelewa kitu, lakini nilishukuru kuoneshwa.

"Utatolewa wote," daktari wa picha akasema tulipokuwa tunatoka, "pamoja na nyama nzima kidogo pembeni, kwa sababu ukibakia mzizi unaweza kuota tena. Halafu tutakuwa tunakuangalia. Hakuna dawa kali, na titi linabaki."

Ungefikiri tungerudi tunaimba. Hatukuimba. Wifi yangu alikuwa ameshafurahi mara moja na furaha ikarudishwa dukani, kwa hiyo hii ya pili aliishika kwa ncha za vidole. Njiani alisema neno moja tu: "Mama aambiwe ukweli wote. Leo."

Mama mkwe alikuwa anapanga nguo zilizokauka. Alisikiliza, sindano ya kwanza, simu, sindano ya pili, jina refu la uvimbe. Nilitarajia alie au agombe kwa kufichwa. Badala yake aliendelea kukunja shuka ile ile mpaka ikawa ndogo kama leso.

"Mdogo wangu hakuchukuliwa kinyama," akasema.

"Mama Mdogo?"

"Hakupigwa picha wala hakuchukuliwa kinyama. Mtu mmoja alimshika, akatikisa kichwa, ikatosha. Mchumba akaondoka. Sisi tukamtengea chumba, tukamzuia kazi, tukawa tunaongea naye kama mtu wa kuaga. Naye akakaa anangoja."

"Alingoja muda gani, mama?"

"Mpaka alipokuwa na mvi. Alikufa kwa presha. Ule uvimbe alikufa nao, mkubwa vile vile kama siku ya kwanza."

Mama Gia alisimama katikati ya chumba, na kwa kuwa hakuwa na cha kufanya na mikono yake aliichukua ile shuka, akaikunjua yote. "Kwa hiyo haukuwa ule ugonjwa."

"Sijui, mwanangu. Ungekuwa ule, asingefika mvi. Lakini hakuna atakayejua sasa. Tulimwambia ana nini bila kujua ana nini." Kisha mama mkwe akalia, si kwa sauti, na binti yake akakaa chini kwenye mkeka karibu yake, akakaa kweli, hakuinuka mpaka jua lilipoondoka dirishani.

Upasuaji ulikwenda salama. Kingo za nyama iliyotolewa zilikuwa safi, mzee wa maabara alithibitisha. Wifi yangu alikatazwa kubeba vitu na kuendesha kwa muda, na huo ndio uliokuwa mtihani wetu sisi wengine. Alituongoza nyumba nzima kwa kidole. Shemeji alihamisha kabati moja mara tatu, kisha akamwambia kwa heshima zote kwamba yeye si klachi.

Usidhani wasiwasi ulitolewa pamoja na uvimbe. Kwa miezi kadhaa nilimwona akipeleka mkono kifuani katikati ya mazungumzo, anabonyeza, anahesabu kitu kimoyomoyo, anaushusha mkono. Simu ikiita namba asiyoijua, alikuwa anaruka. Alikiri kwangu kwamba kuna siku alitamani wamwambie moja kwa moja ana jambo baya, angalau ajue pa kusimama. Kisha akasema maneno hayo ni ya kipumbavu, nisiyarudie.

Alipokwenda kuangaliwa, daktari wa picha alipitisha kifaa juu ya kovu na pande zote, akasema hakuna kitu.

"Picha inasema hakuna," wifi yangu akajibu. "Na kinyama?"

"Leo hakuna cha kuchoma, Mama Gia. Nikiona nitakuita, unajua nitakuita."

"Najua. Wewe ni msumbufu."

Shemeji alipendekeza tukae kwenye bustani ya hospitali tupumzike kidogo. Mama Gia akasema hana nafasi, ana mwanafunzi mpya, bwana mmoja mtu mzima anayeogopa kurudi nyuma. Akatuacha hapo hapo getini. Nilipopita uwanja wa mazoezi jioni niliwaona. Gari lilikuwa linarudi nyuma kidogo, linasimama, linarudi nyuma kidogo, naye amekaa upande wake wa abiria akimwambia yule bwana afumbue macho.